Umeachiwa mradi wa programu huria? Anza na funguo, msimbo utasubiri

Ujumbe huwa unakuja na sura ileile. "Kaka, yule jamaa aliyeanzisha programu yetu amepata kazi mbali, ameniambia niendelee nayo. Nianzie wapi?" Kabla sijamaliza kumjibu huyu, mwingine anauliza kama aandike upya msimbo wote kwa lugha mpya. Wa tatu ana tiketi mia mbili (ripoti na maombi ya watumiaji) ambazo hazijajibiwa na usingizi umemkimbia. Nimechoka kunakili majibu kutoka mazungumzo haya kwenda yale, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Mimi natunza programu ndogo ya kuazimishia vitabu, inayotumika kwenye maktaba za shule kadhaa. Sikuianzisha. Niliripoti hitilafu moja, nikatuma kiraka (kipande cha msimbo cha kurekebisha), nikatuma cha pili, na miezi michache baadaye mwenye mradi akapata watoto pacha. Nikajikuta nimebaki na nyumba peke yangu. Hakuna anayenilipa. Makosa mengi utakayoyasoma hapa chini niliyafanya kwa mikono yangu.

Mwongozo huu ni wa mradi wa programu huria, yaani yenye msimbo ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha, wenye watunzaji wachache wanaojitolea. Usijilinganishe na kitu kama DHIS2, ambayo unaijua kama umewahi kufanya kazi na takwimu za afya Kenya au Tanzania. Kiini chake kinatengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Wewe una Jumamosi asubuhi, na hata hiyo kuna harusi.

Kabla ya kuanza, kuwa na hivi

- Saa unazoweza kuahidi kwa wiki, ukizihesabu kwa ukweli. Ukidhani ni sita, andika mbili.
- Kompyuta yenye Git (programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo), na nafasi ya kuendeshea programu yenyewe bila kugusa seva inayotumika.
- Mtu wa pili. Si lazima awe mwandishi wa msimbo. Anaweza kuwa mkutubi anayeitumia programu kila siku.
- Programu ya kutunzia nywila. KeePassXC ni ya bure na ni huria.
- Daftari la karatasi. Utaelewa kwa nini kwenye hatua ya kwanza.
- Namba ya simu ya mtunzaji aliyeondoka, wakati bado anapokea.

Huhitaji kuuelewa msimbo wote. Mimi hadi leo kuna faili moja ya kukokotoa faini za vitabu vilivyochelewa ambayo naizunguka kama mbwa aliyelala.

Hatua ya 1: Kusanya funguo

Usiguse msimbo bado. Kaa na mtunzaji wa zamani, hata kwa simu, muandike pamoja kila mlango wa mradi na nani ana ufunguo wake. Milango ni mingi kuliko unavyodhani:

- Jina la kikoa: limesajiliwa wapi, kwa baruapepe ya nani, linalipiwa kwa kadi ya nani, linaisha lini.
- Hazina ya msimbo, yaani mahali msimbo wote unapohifadhiwa: iko kwenye akaunti ya mtu binafsi au ya kikundi?
- Akaunti ya kutolea vifurushi, kama mradi wako upo npm, PyPI au Packagist (maghala ya mtandaoni ya vifurushi vya msimbo).
- Seva, na mahali nakala za akiba zinapokwenda.
- Baruapepe ya mradi.
- Ufunguo wa kutilia sahihi matoleo, kama upo.
- Akaunti yoyote inayopokea michango.

Kwetu jina la kikoa lilikuwa limesajiliwa kwa baruapepe ya chuo. Mwenzetu alishahitimu zamani, chuo kikaifunga akaunti, na ilani zote za kulipia zikawa zinakwenda kwenye sanduku lisilo na mtu. Tuligundua siku tovuti ilipotoweka. Mwalimu mmoja alinipigia akaniambia, "Mwanangu, maktaba imetoka kwenye intaneti." Tulibishana na kampuni ya usajili wiki tatu, tukituma vitambulisho na barua, kabla hawajakubali kwamba sisi ni sisi.

Kwa hiyo kanuni ya hatua hii ni moja: kila mlango uwe na watu wawili wenye ufunguo. Hazina ihamishie kwenye akaunti ya kikundi yenye wamiliki wawili. GitHub, tovuti inayohifadhi hazina za namna hii, pia ina sehemu ya kumtaja mrithi wa akaunti yako binafsi. Ijaze, ni dakika moja.

Angalizo kuhusu uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba inayotoka kwenye simu. Huwezi kuukwepa, na usijaribu; PyPI, kwa mfano, imeulazimisha kwa watumiaji wote tangu mwanzo wa 2024. Tatizo ni simu. Simu ikiibiwa kwenye daladala, mradi unafungwa nje pamoja na wewe. Zile namba za dharura wanazokupa siku ya kwanza, ambazo kila mtu anabonyeza "endelea" bila kuzitazama, zinakili kwenye daftari, na nakala nyingine akae nayo mwenzako nyumbani kwake. Ndiyo kazi ya daftari.

Hatua ya 2: Isimamishe programu kwenye mashine yako, ukifuata maelezo yaliyopo tu

Fungua faili ya README na ufuate kilichoandikwa, neno kwa neno, ukijifanya hujui kitu. Kila utakapokwama, andika. Orodha hiyo ya kukwama ndiyo mchango wako wa kwanza kwenye mradi, na una thamani kuliko kipengele chochote kipya, kwa sababu mchangiaji atakayekuja baada yako atakwamia palepale na hatakuambia. Ataondoka tu.

Ukihitaji data ya kujaribia, usichukue hifadhidata halisi na kuiweka kwenye kompyuta yako ya mkononi. Majina ya wanafunzi na namba za wazazi si za kutembea nazo. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilipitisha ya kwake 2022. Tengeneza data ya uongo: wanafunzi hamsini, vitabu mia mbili, baadhi vimechelewa.

Kisha chukua nakala ya akiba ya juzi na uirejeshe kwenye seva tupu ya majaribio. Fanya kweli, usiishie kuangalia kwamba faili ipo. Yetu ilikuwepo kila usiku kwa mwaka mzima, na ilikuwa na ukubwa wa baiti sifuri.

*Kosa la kawaida:* kuamua kuandika upya kila kitu. Hamu hii humpata kila mrithi ndani ya wiki ya kwanza. Msimbo wa mtu mwingine daima unaonekana mbaya, na sehemu ya ubaya huo ni majibu ya matatizo ambayo wewe hujakutana nayo bado. Subiri mwaka mmoja. Kama baada ya mwaka bado unataka, angalau utajua unabomoa nini.

Hatua ya 3: Soma leseni

Fupi. Tafuta faili ya LICENSE. Ikiwemo, isome. Isipokuwemo, kisheria mradi huo si huria hata kama msimbo wake unaonekana na dunia nzima. Haki zote bado ni za walioandika. Muombe mwanzilishi aiweke, mapema, akiwa bado anajibu. Na usibadilishe leseni kwa uamuzi wako: kila aliyechangia msimbo ana haki kwenye kipande chake, na utahitaji ridhaa yao. Nimeona watu wakitafuta mchangiaji wa miaka kumi iliyopita kwa sababu ya mistari arobaini.

Hatua ya 4: Weka ahadi ndogo mlangoni

Watumiaji hawakasirishwi sana na ucheleweshaji. Wanakasirishwa na kutojua. Andika maneno machache juu kabisa ya ukurasa wa mradi. Yetu ni haya, yanakili ukipenda:

> Programu hii inatunzwa na watu wawili, nje ya saa za kazi. Tiketi husomwa Jumamosi. Hitilafu inayopoteza data tunaishughulikia kwanza. Maombi ya vipengele vipya yanaweza kukaa miezi. Tunalihudumia toleo la mwisho tu. Tatizo la usalama usiliandike kwenye tiketi. Tutumie kwa baruapepe iliyo chini.

Sentensi ya mwisho usiiruke. Ukikosa njia ya faragha ya kuripoti tundu la usalama, mtu mwema atalitangaza hadharani akidhani anakusaidia, na wabaya watalisoma kabla yako.

Baada ya kuweka maneno hayo, yatii. Usijibu tiketi saa sita usiku Jumanne kwa sababu umeiona kwenye simu. Ukijibu mara moja usiku, umeshawafundisha kwamba usiku upo.

Hatua ya 5: Fagia tiketi

Tiketi za zamani ni kama stoo ya nyumba ya marehemu: kila kitu kina mtu aliyekiona cha maana. Usianzie ya kwanza kabisa. Soma ishirini za mwisho ili ujue watu wanaumia wapi leo. Kisha gawanya zote kwenye mafungu matatu: zinazopoteza data au kufungua tundu la usalama, zinazomzuia mtu kufanya kazi, na mengineyo. Fungu la tatu ndilo kubwa kila mara, na ndilo litakalokula muda wako usipoangalia.

Zilizokaa muda mrefu bila mtu kusema kitu, waulize walioziandika kabla ya kuzifunga:

> Habari ndugu. Samahani kwa kimya cha muda mrefu, mradi una watunzaji wapya. Je, tatizo hili bado unalipata kwenye toleo la sasa? Kama bado, tuandikie ulichobonyeza hatua kwa hatua. Tukikosa jibu hadi mwisho wa mwezi tutaifunga tiketi, nawe unaweza kuifungua tena wakati wowote.

Ndiyo, kuna roboti za kufunga tiketi zenyewe. Sizitumii. Mtu aliyejieleza kwa aya tatu halafu akajibiwa na mashine kwamba suala lake "limechakaa" harudi tena, na huenda ndiye angekuwa mtu wako wa pili.

Jambo jipya la miaka hii: ripoti zilizoandikwa na akili mnemba, ndefu, zenye adabu, zinazoeleza tundu ambalo halipo. Daniel Stenberg, anayeongoza mradi wa curl (programu ya kuhamisha data mtandaoni) tangu miaka ya 1990, amelalamika hadharani mara nyingi jinsi zinavyowamaliza muda. Dawa ninayoitumia ni kutaka hatua za kulirudia tatizo, pamoja na toleo na ujumbe wa kosa ulivyotokea. Asiyeweza kuzitoa ndani ya wiki, naifunga bila kubishana.

Hatua ya 6: Jifunze kukataa kiraka kizuri

Kiraka kibaya ni rahisi kukikataa. Kizuri ndicho kinachokupa shida. Kijana mmoja alituletea mistari zaidi ya elfu mbili ya kutuma SMS kwa wazazi wa wanafunzi waliochelewesha vitabu. Kazi safi, na walimu waliipenda. Nikaipokea siku hiyohiyo. Baada ya miezi minne kampuni ya SMS aliyoitumia ikabadilisha mfumo wake, kijana alishapata ajira na hajibu, na mimi sina hata akaunti ya kujaribia. Shule zikaanza kupiga simu. Kipengele nilichopewa bure kilinila wikendi sita.

Mbuzi wa zawadi anakula majani kila siku, na aliyekuletea hatakuja kumchunga. Swali la kujiuliza kabla ya kupokea ni hili: aliyekileta akitoweka kesho, kati yetu tuliobaki kuna anayeweza kukitengeneza? Kama hakuna, jibu hivi:

> Asante sana, inaonekana umeitolea muda kazi hii. Hatutaiingiza kwenye programu kuu kwa sababu hakuna kati yetu anayeweza kuijaribu, na ikiharibika hatutaweza kuitengeneza. Ukiitoa kama programu-jalizi, tutaweka kiungo chake kwenye ukurasa wetu.

Toa sababu moja, ya kweli. Ukitoa tano, atazijibu moja moja.

Hatua ya 7: Karibisha watu, lakini usigawe ghala

Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye programu huria mpe jembe hata siku ya kwanza. Ila funguo za ghala ni habari nyingine.

Jembe kwanza. "Tunakaribisha michango" ni maneno ya ukutani, hakuna anayeyajibu. Andika kazi ndogo zenye mipaka, useme faili gani, mstari gani, na matokeo unayoyataka. Kazi nzuri ya kuanzia, hasa kwetu, ni tafsiri, kwa sababu inamfundisha mgeni msimbo bila yeye kujua. Programu yetu ilikuwa inaunga maneno moja moja: namba, kisha jina la kitu, kisha neno la hali yake. Kwa Kiingereza ilipita. Kwa Kiswahili skrini ikatoa "3 kitabu imeazimwa". Binti mmoja wa kidato cha sita ndiye aliyetueleza kwamba kitabu *kimeazimwa*, vitabu *vimeazimwa*, mwanafunzi *amechelewa*, wanafunzi *wamechelewa*, kwa hiyo mfasiri lazima apewe sentensi nzima, ya umoja na ya wingi, wala si vipande. Alirekebisha faili kumi na moja. Leo ndiye anayepitia viraka vyangu.

Sasa ghala. Soma kisa cha xz taratibu, kwa sababu kilimpata mtu wa hali kama yako.

xz ni programu ya kubana faili, ipo ndani ya karibu kila Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2021 akajitokeza mchangiaji anayejiita Jia Tan, mpole, mwenye viraka vya maana. Mwaka 2022 majina yasiyojulikana yakaanza kumsakama Collin: mradi umelala, viraka vinasubiri, mwachie mwingine. Collin akajibu kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili, na kwamba kazi yenyewe ni ya kujifurahisha isiyo na malipo. Taratibu Jia Tan akapewa nafasi, mpaka akawa anatoa matoleo yeye mwenyewe. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mapema 2024, yalibeba mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kasi ya kitu kingine kabisa, akashangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kiasi cha nusu sekunde. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo hayo hayajasambaa kwenye Linux nyingi zinazotumika kazini.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 mwenye event-stream, kifurushi kilichopakuliwa sana npm, alimkabidhi mtu asiyemjua aliyeomba kusaidia. Aliyekabidhiwa akapachika msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali.

Ninachokifanya baada ya kuvisoma visa hivyo:

1. Mgeni anatuma viraka. Mimi au mwenzangu tunavipitia. Hata vya mwaka wa pili.
2. Ruhusa ya kuunganisha viraka inakuja baada ya muda mrefu, na hata hapo hakuna anayeunganisha cha kwake bila jicho la pili. Mimi pia.
3. Ruhusa ya kutoa toleo wanayo watu wawili ambao nimeshaongea nao kwa sauti na nawajua kwa sura.
4. Kifurushi cha toleo kinajengwa na mashine kutoka kwenye hazina iliyo wazi, kamwe si kwenye kompyuta ya mtu. Sehemu muhimu ya mtego wa xz ilikuwa kwenye kifurushi kilichopakiwa tu. Kwenye hazina ya Git haikuwepo.
5. Anayenisukuma nimpe mtu fulani funguo haraka, namwambia hapana, na naanza kumtazama vizuri zaidi.

Hatua ya 8: Toa matoleo madogo, mara kwa mara

Andika hatua za kutoa toleo kwenye faili, kila amri, kisha mwombe mtu wa pili atoe toleo linalofuata akiitumia hiyo faili huku wewe umekaa kimya. Atakapokuuliza swali, jibu lake liingie kwenye faili.

Usitoe toleo Ijumaa jioni. Usitoe wiki ya mitihani kama watumiaji wako ni shule. Mabadiliko yaandike kwa lugha ya mtumiaji: "Faini haihesabiwi tena siku za likizo" inamsaidia mkutubi, "marekebisho madogo" haimsaidii mtu.

Na ulichokwisha kukitoa usikifute. Machi 2016 mwandishi mmoja aliyegombana na npm aliondoa vifurushi vyake vyote, kimojawapo left-pad, chenye mistari kumi na moja tu. Miradi mingi duniani ilishindwa kujengwa siku hiyo, kwa sababu ilikuwa inakitegemea bila hata kujua. Toleo lenye kosa litangaze kuwa lina kosa, toa jingine, la zamani liache palepale.

Hatua ya 9: Fedha

Usitarajie sana. Hitilafu ya Heartbleed ilipolipuka Aprili 2014, dunia iligundua kwamba OpenSSL, iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti za intaneti, ilikuwa inapata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Programu ya kuazimisha vitabu itapata nini?

Hata hivyo kidogo kinachokuja kinaweza kuwagombanisha. Usipokelee kwenye namba yako ya M-Pesa, hata kama ni elfu kumi na hata kama wewe ni mwaminifu. Baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka ilitumikaje, wewe ukiwa wa kwanza. Huduma kama Open Collective zinaonyesha hadharani kilichoingia na kilichotoka. Kwanza kilipe jina la kikoa, miaka mitatu mbele. Pili seva. Baada ya hapo ndipo mzungumze.

Kwa taasisi zinazoitumia programu yako, ombi lililonifaa zaidi ni la mtu. "Mtupeni fundi wenu wa kompyuta saa tatu kwa mwezi." Pesa inahitaji kikao na sahihi tatu. Saa tatu za fundi, mkuu wa shule anaziidhinisha akiwa amesimama mlangoni.

Mambo yakikwama

*Mtunzaji wa zamani hapatikani kabisa.* Kama leseni inaruhusu, nakili mradi, upe jina jipya, na taarifa za hakimiliki za mwanzo ziache kama zilivyo. Eleza kwenye mstari wa kwanza ulitoka wapi. PyPI ina utaratibu rasmi wa kuomba jina la kifurushi kilichotelekezwa. Una taratibu zake za kuthibitisha kwamba mwenyewe ametafutwa, kwa hiyo tunza nakala za baruapepe ulizomtumia.

*Ukurasa mweupe baada ya kupandisha toleo la PHP (lugha ya programu nyingi za tovuti).* Fungua faili ya kumbukumbu za makosa ya seva kabla ya kuhisi chochote. Msimbo wa zamani ukiita zile kazi zinazoanza na `mysql_`, ziliondolewa tangu PHP 7.0, Desemba 2015. Panda ngazi moja moja, ukijaribu kila ngazi. Kuruka kutoka 5.6 hadi 8 kwa usiku mmoja ni namna ya kujua jua linachomoza saa ngapi.

*Maoni yanakatika au yanagoma mtu akiweka emoji.* MySQL, programu ya hifadhidata, ina usimbaji wa herufi unaoitwa `utf8` ambao haubebi herufi za baiti nne. Unachokitaka ni `utf8mb4`, kwenye jedwali na kwenye muunganisho pia. Watu hubadilisha jedwali, wakasahau muunganisho, wakarudi kuniuliza. Chukua nakala ya akiba kwanza.

*Mchangiaji hodari anayetukana wengine.* Mwandikie faragha mara moja, ukimwonyesha maneno yake mwenyewe. Akirudia, mwondoe. Nilichelewa kufanya hivyo kwa sababu viraka vyake vilikuwa vizuri, na katika muda huo wachangiaji wanne wapya walikuja wakaondoka.

*Simu ikilia ya mradi, tumbo linakaza.* Zima taarifa zote za hazina leo, bila kusubiri toleo lijalo. Mwambie mtu wa pili, uandike mlangoni kwamba hamtajibu hadi tarehe fulani. Kama hakuna mtu wa pili na huna tena hamu, GitHub ina kitufe cha kuhifadhi mradi: kila kitu kinabaki kusomeka, hakuna anayeweza kufungua tiketi. Andika aya moja ya kwa nini, taja mbadala kama upo, kisha bonyeza. Utapata ujumbe wa hasira mbili tatu, na za asante nyingi kuliko ulizowahi kupata ukiwa kazini.

*Hujui kama mradi ungesimama bila wewe.* Nenda shamba kwa bibi wiki mbili na simu uiache imezimwa, baada ya kumwachia mwenzako daftari. Akitoa toleo dogo bila kukupigia, basi. Akikwama, mlango aliokwamia ndio kazi yako ya Jumamosi ukirudi.